Faili la Mama Tekla

Wateja wa Tandika walimjua Tunu binti Kondo kwa maswali yake. Ukimpelekea barua ya kuomba kazi akuchapie, kabla hajagusa kibodi atakuuliza: jina la baba lina h au halina? Huyo unayemwandikia ni mkurugenzi au kaimu? Umeoa? Mbona hukuandika? Watu walilalamika kwamba kwa Tunu mtu anahojiwa kama yuko polisi, lakini walirudi, maana barua ikitoka pale imenyooka. Ndiyo sababu waliokuja kusikia yaliyotokea mwaka ule wa mvua za Elinino walishangaa. Wakasema, Tunu huyuhuyu? Alishindwaje kuuliza?

Ofisi ile ya kuchapa haikuwa yake peke yake. Ilikuwa yake na Felicitas, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Tekla kwa jina la binti yake wa pekee. Walikuwa wachapaji katika shirika moja la umma, miaka na miaka wamekaa kwenye meza zinazotazamana, Tunu Mzaramo wa Mbagala na Felicitas Mngoni wa kule Peramiho, wakichokozana asubuhi na kugawana muhogo mchana. Shirika lilipouzwa, wachapaji ndio waliokuwa wa mwanzo kupewa mkono wa kwaheri. Wenzao walichukua kiinua mgongo wakajenga vibanda, wengine wakanunua friji za kuuzia maji ya barafu. Hawa wawili waliunganisha chao wakanunua kompyuta iliyokwisha kutumika pamoja na printa yake, wakapanga chumba cha mbele cha nyumba moja nyuma ya soko.

Felicitas ndiye aliyeijua mashine. Alikuwa amesoma kozi fupi kabla ya kupunguzwa kazini, akamfundisha mwenzake kidogo kidogo: hivi ndivyo unavyofungua, hivi ndivyo unavyohifadhi, na kila Ijumaa nakala ziende kwenye disketi.

“Mashine ni kama mume wa watu, Mama Faraji,” alimwambia, kwa jina la kifungua mimba wa Tunu. “Leo iko kwako, kesho haipo. Usiweke vitu vyako vyote humo.”

Mumewe Felicitas alikuwa dereva wa malori ya Tunduma. Alirudi safari moja anaharisha, hakutoka tena. Haukupita muda mrefu baada ya msiba, Felicitas naye akaanza: kikohozi kisichosikia dawa, homa za jioni, na magauni yakawa yanamning’inia mwilini. Mtaani wakanong’ona kwamba amekanyaga miwaya. Ndivyo watu wa Dar walivyousema ugonjwa ule miaka hiyo, ili wasiutaje. Yeye akasema ni nimonia. Tunu naye akasema ni nimonia. Waliambizana hivyo kila asubuhi, na kila mmoja alijua kwamba mwenziwe anajua.

Ndipo Felicitas akawa anabaki ofisini wateja wakishaondoka. Anasema ana viporo vya kazi. Siku moja Tunu alirudi kuchukua mwavuli aliousahau, akamkuta ameinamia kibodi anaandika mbiombio, na pembeni yake hakuna karatasi yoyote ya mteja ya kunakili. Felicitas aliposikia mlango alibonyeza kitu, na kwenye kioo ukatokea mchezo wa karata.

“Unacheza karata, shoga?”

“Nacheza.”

Macho yake yalikuwa mekundu. Tunu akachukua mwavuli wake, akaaga. Njia nzima mpaka Mbagala aliwaza: anaandika wosia. Au anaandika barua kwa ndugu zake. Kesho yake angeweza kumuuliza, maana alimuuliza mambo yote ya dunia tangu walipofahamiana. Hakumuuliza. Alijiambia kwamba mtu akificha kitu ana sababu yake.

Masika yalipochanganya, Felicitas hakuweza tena kutembea kutoka Mtoni alikopanga hadi ofisini. Kiti chake kikabaki kitupu. Na mwezi huohuo mashine ikagoma. Mteja mmoja alileta disketi yenye risala ya mgeni rasmi, Tunu akaifungua, na tangu hapo mambo yakaenda kombo. Herufi zilianza kudondoka kwenye kioo kama mchanga, kisha mashine ikajizima, na ilipowashwa ikabaki na kioo cheusi na mstari mmoja mweupe wa maneno asiyoyaelewa.

Alimwita fundi Lusungu, mtu wa makamo, mwenyeji wa Tukuyu, aliyeanza na redio na televisheni kabla ya kuingia kwenye kompyuta. Lusungu alifika na mkoba wa disketi na kompyuta yake ndogo ya kubeba, akakaa, akabonyeza hapa na pale. Mwishowe akageuka.

“Ina virusi.”

Tunu akamfikiria Felicitas. Akashika ukingo wa meza.

“Virusi vya kompyuta, dada,” Lusungu akasema haraka, maana aliona uso wake. “Vimeingia na disketi ya mtu. Hapa dawa ni moja. Nipige fomati, yaani nifute kila kitu kilichomo, kisha niweke Windows upya. Ila nisikilize vizuri. Kwa disketi yangu hii naweza kuiamsha nusu, kiasi cha kutosha kutoa vitu vyako. Nikishafuta hakuna kurudi nyuma. Vitu vyako viko wapi?”

“Viko kwenye folda ya KAZI.”

“Vyote?”

“Vyote.”

Wakavinakili. Lusungu hakuridhika na kunakili tu, kila disketi aliirudisha kwenye mashine aliyokuja nayo, akaifungua, akaona barua inasomeka, ndipo akaiweka kando. Alisema ameshaona watu wanatunza disketi kabatini kama dhahabu, siku ya kuzihitaji hazifunguki.

“Nani mwingine anatumia hii mashine?”

“Mwenzangu. Lakini anaumwa.”

“Muulize. Mimi sifuti mpaka kila aliyeshika kibodi hiki aseme ametoa chake. Nimeshagombana na watu kwa ajili hiyo. Nitarudi kesho.”

Tunu alinunua machungwa akaenda Mtoni. Mvua ilikuwa imepumzika na uchochoro wa kwa Felicitas ulijaa tope, watu wamepanga matofali ya kukanyagia. Tekla, msichana wa miaka kumi, alikuwa mlangoni anasuuza kanga za mama yake.

“Shikamoo, mama mkubwa.”

“Marahaba, mwanangu. Mama kaamka?”

Felicitas alikuwa ameegemea mto, amefunga kilemba kama mtu anayejiandaa kutoka. Alikuwa amekwisha mno. Alitabasamu, na meno yalionekana makubwa kuliko uso.

“Kiti changu umempa nani?”

“Hakijakaliwa na mtu. Kipo.”

“Nikipata nguvu mwezi ujao narudi. Kuna kazi yangu sijaimaliza.”

Hapo ndipo nafasi ya kuuliza ilipopatikana, na Tunu aliiona. Kazi gani? Iko wapi? Maswali mawili tu. Swali lilimfika kwenye ncha ya ulimi, likakaa. Maana kumwambia “nionyeshe ulipoiweka nikutolee” ni kumwambia sitegemei urudi uitoe mwenyewe. Ni kuitupa ile nimonia waliyoilea pamoja, mbele ya mtoto anayesuuza kanga mlangoni. Hata habari ya mashine kuharibika hakuitoa. Kwa nini amtie mgonjwa mashaka?

“Utarudi,” akasema. “Utaimaliza.”

Alimmenyea chungwa, akamsimulia ugomvi wa wauza vitunguu, wakacheka mpaka Felicitas akakohoa. Wakati wa kurudi Tunu alijipa moyo. Huyu ndiye aliyemfundisha kuhifadhi. Alichokiandika kitakuwa kwenye KAZI, pamoja na vingine.

Kesho yake Lusungu aliuliza kabla hajakaa.

“Umemuuliza?”

“Nimemuuliza.”

“Anasemaje?”

“Vyote viko KAZI.”

Lusungu akaandika amri, akabonyeza. Mashine ikaanza kusaga, asilimia zikapanda taratibu kwenye kioo cheusi. Tunu alikaa kwenye kiti cha Felicitas akatazama mpaka zikafika mwisho. Kisha ikafuata kazi ndefu ya kuweka Windows mpya, fundi anakunywa chai, mashine inajizima na kujiwasha yenyewe. Alasiri ilikuwa tayari. Iliwaka upesi kuliko siku waliyoinunua, kioo safi, hakuna herufi inayodondoka. Barua za wateja zikarudishwa kutoka kwenye disketi, zote zikafunguka. Tunu akamshukuru Mungu na fundi.

Siku chache baadaye alimpelekea Felicitas habari kama mtu anayepeleka zawadi. Sasa kwa kuwa mashine ilikuwa nzima aliona hakuna ubaya kusema ilikuwa imekufa.

“Imepona kabisa, shoga. Kama mpya.”

Felicitas alinyanyua kichwa. “Aliifanyaje?”

“Sijui. Kafuta, kaweka tena.”

“Alipiga fomati?”

“Ndiyo, fomati. Lakini tulitoa vitu kwanza. Folda yote ya KAZI tumeitoa.”

“Na folda ya Windows?”

“Hiyo si ya mashine yenyewe? Fundi kaweka nyingine mpya.”

Felicitas hakulia. Alirudisha kichwa kwenye mto polepole, kama mtu anayeweka chini kitu chenye maji, akageukia ukutani. Nje Tekla alikuwa anaimba na wenzake.

“Nilikuwa nimemwandikia Tekla,” Felicitas akasema, akiutazama ukuta. “Faili lake nililiweka humo, katikati ya mafaili ya mashine, mahali ambapo mteja hafungui na wewe hufungui. Nilimwandikia sisi ni kina nani. Alivyozaliwa. Baba yake alikuwa mtu gani kabla ya kuugua. Mimi nilikuwa nani. Maana nikishaondoka watu watamsimulia, Mama Faraji. Kila mtu kwa mdomo wake. Nilitaka mimi niwe wa kwanza.”

Tunu hakuweza kusema pole. Lilikuwa neno dogo mno.

“Ulikuwa hapa,” Felicitas akaendelea. “Umekaa hapohapo. Mbona hukuniuliza?”

“Niliogopa ungejua kwamba najua.”

“Nilijua unajua.”

“Basi mbona nawe hukuniambia?”

“Tulikuwa wajinga wawili,” Felicitas akasema.

Tunu alitoka hapo moja kwa moja akamtafuta Lusungu, akamkuta kwenye karakana yake ya Kariakoo amezungukwa na televisheni zilizofunuliwa migongo. Alimweleza yote, na alipofika mahali penye uongo wake hakuukwepa.

“Uliniambia ulimuuliza,” Lusungu akasema.

“Nilisema uongo.”

Fundi alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. Hakumgombeza, na Tunu aliona afadhali angemgombeza.

“Windows mpya imekaa palepale palipokaa ya zamani, dada. Ni kama nyumba imebomolewa, ikajengwa nyingine juu ya kiwanja kilekile. Ukichimba huwezi kupata chumba. Labda tofali mojamoja. Usiiwashe mpaka nije.”

Alikuja, akachimba. Alikuwa na programu ya kusoma vilivyobaki kwenye diski hata kama vimefutwa, na alikaa nayo kwa siku kadhaa, kila akipata nafasi kwenye kazi zake nyingine. Kioo kilijaa alama zisizo na maana, mistari na mistari ya takataka, na katikati yake ghafla maneno ya mtu: *ulizaliwa mvua inanyesha, na baba yako alikuwa Makambako, akapata habari kwa*. Halafu takataka tena. *Mama yangu, bibi yako, aliitwa*. Takataka. *Mkono wako wa kushoto una alama, si ugonjwa, ni mafuta ya maandazi, ulikuwa na*. Na mahali pengine: *usikubali wakwambie kwamba niliku*. Hapo palikatika.

Tunu alivikusanya vipande hivyo akavipanga kadiri alivyoweza kukisia mtiririko wake, akaacha nafasi palipokatika, akavichapa. Mambo yaliyokuwa simulizi ndefu ya jioni nyingi yaligeuka kurasa chache zenye matobo.

Alipozipeleka Mtoni, macho ya Felicitas yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Ikabidi Tunu amsomee. Kwenye kila pengo alisimama, na Felicitas akijazia kwa sauti ndogo, Tunu akaandika kwa kalamu pembeni. Bibi yako aliitwa Otilia, mtu wa Peramiho, hakuwahi kuvaa viatu mpaka anazikwa. Baba yako alipata habari kwa dereva mwenzake, akaligeuza lori palepale Makambako akiwa bado na mizigo ya watu. Mengine hayo yalijaa. Felicitas hata akacheka alipokumbuka lori.

Kisha wakafika penye *usikubali wakwambie kwamba niliku*.

“Niliku… nini?” Felicitas akauliza. “Hebu rudia.”

Tunu akarudia.

Felicitas alifumba macho. Tunu alidhani amelala.

“Sikumbuki,” akasema mwishowe. “Kuna mengi wanayoweza kusema. Sijui nilikuwa najibu lipi.”

“Tuandike upya tu. Sema lolote, mie naandika.”

“Siku ile nilikuwa na hasira, Mama Faraji. Nilikuwa na maneno. Sasa nimechoka.”

Walifanya hivyo asubuhi kadhaa, kila mara kidogo kuliko mara iliyopita. Siku nyingine Felicitas alijazia pengo kwa jambo ambalo Tunu alijua si lenyewe, amechanganya majina, amempa mumewe kijiji cha baba yake. Tunu aliandika vilevile alivyoambiwa. Siku nyingine hakujazia lolote, alitaka tu kusikia ile habari ya mvua na Makambako irudiwe. Wakati huo hakuna tena aliyetaja nimonia. Walizungumza wazi, wapi azikwe na nani wa kumpelekea habari Songea, na Tunu alishangaa jinsi maneno hayo yalivyokuwa mepesi kuyasema, na jinsi yalivyochelewa.

Felicitas alifariki Jumapili, watu wakiwa kanisani. Alizikwa Kinondoni, kaburini maji yakiwa yametuama, wanaume wakayachota kwa ndoo kabla ya kumteremsha.

Kaka yake, Leodegar, alikwama njiani kwa barabara iliyokatwa na mvua, akafika msiba umeshaanuliwa. Alikuwa katekista, mtu mpole, mzito wa kuongea, mwenye uchungu wa kutomwona dada yake hata kwenye jeneza. Alisema atamchukua Tekla, na hakuna aliyekuwa na neno la kupinga. Tunu alimkabidhi kurasa zile, safari hii amezichapa upya vizuri pamoja na yaliyojaziwa, amezitia kwenye mfuko wa nailoni zisilowe.

Leodegar alizisoma amesimama. Alipofika mwisho alikunja uso.

“Hapa pana mapengo.”

“Paliandikwa, kaka, pakapotea. Kosa ni langu.” Akamweleza kwa kifupi.

“Basi nitajaza,” Leodegar akasema. “Mimi namjua mdogo wangu. Mtoto hawezi kupewa kitu chenye matobo.”

Mtu huyu hakuwa na nia mbaya hata kidogo, na hilo ndilo lililomtisha Tunu.

“Naomba uyaache hivyohivyo, kaka. Hayo hayakuwa maneno yako.”

“Wala hayakuwa yako,” Leodegar akamjibu, bila ukali. “Na ni wewe uliyeyapoteza.”

Akaukunja mfuko wa nailoni akauweka ndani ya begi lake, akafunga zipu.

Aliwasindikiza kituo cha mabasi ya mikoani. Tekla alikuwa amevaa sweta la mama yake, mikono imekunjwa mara kadhaa, akakaa dirishani. Leodegar alipoteremka kununua maji, msichana alitoa kichwa nje.

“Mama mkubwa, zile karatasi umezisoma?”

“Nimezisoma.”

“Pale pasipo na kitu mama aliandika nini?”

Tunu alifungua kinywa. Angeweza kusema: aliandika kwamba anakupenda. Lingekuwa neno jema, na huenda lilikuwa kweli. Lakini yeye hakulisoma.

“Sijui, mwanangu.”

Tekla akarudisha kichwa ndani.

Tunu aliendelea na ofisi peke yake. Mashine ilifanya kazi vizuri, haikumsumbua tena. Kiti cha pili alikitoa nje wakalie wateja wanaongoja zamu. Faili la Felicitas, lile lenye matobo, alilihifadhi kwenye mashine na kwenye disketi mbili, moja ofisini na nyingine kwake Mbagala. Kila mwaka mvua zikianza huzifungua zote mbili aone kama bado zinasomeka, maana unyevu wa Dar hauachi kitu. Zinasomeka. Aliandika barua Peramiho mara mbili, akaeleza kwamba nakala ipo kwake, Tekla akikua na akitaka aje. Majibu hayakuja. Baadaye Mngoni mmoja, mteja, alimwambia kwamba anaifahamu familia ile, na kwamba binti amemaliza la saba, ni mtaratibu, haongei sana.

“Anamsemaje mama yake?” Tunu akamuuliza.

Yule mtu akafikiri. “Sijawahi kumsikia akimtaja,” akasema, kisha akamkabidhi karatasi aliyokuja nayo, ya kuchapwa.